ASKOFU AJAYI CROWTHER: MTOTO ALIYEKIMBIA VITA AKAJA KUWA MCHUNGAJI WA WENGI



Katika toleo hili la kumbukumbu, Kamati imeona ni vema kuwaletea maisha ya mtu mmoja aliyefariki zamani sana, ambaye jina lake linajulikana katika makanisa mengi ya Afrika, lakini habari zake hazisimuliwi mara kwa mara kwa lugha yetu. Naye ni Samuel Ajayi Crowther, Mwafrika wa kwanza kuwekwa wakfu kuwa askofu wa Kanisa la Anglikana. Tumemchagua yeye kwa sababu alianza pale pale tulipoanza wengi wetu: kijiji kinachomwa moto, mama anashika watoto mkono, baba anabaki nyuma, na baada ya hapo hakuna ajuaye nani yuko hai na nani amekufa.

ASUBUHI YA VITA

Ajayi alizaliwa karibu na mwaka 1809 katika mji wa Osogun, nchi ya Wayoruba, ambayo leo ni sehemu ya Naijeria. Baba yake alikuwa mfumaji wa nguo. Wakati ule ufalme mkubwa wa Oyo ulikuwa unavunjika, na vita vya wenyewe kwa wenyewe vilienea kila upande. Palipo na vita hapakosi wafanyabiashara wa vita, na biashara ya siku zile ilikuwa ni kukamata watu na kuwauza.

Asubuhi moja ya mwaka 1821, akina mama wakiwa bado wanatayarisha chakula, habari zilienea kwamba mji umezingirwa. Ajayi alikuwa na umri wa miaka 12 hivi. Baba alikuja mbio kuwaambia wakimbie, kisha akarudi kupigana. Hawakumwona tena. Mama yake, aliyeitwa Afala, alijaribu kupenya vichakani na watoto wake, lakini walikamatwa, wakafungwa kamba shingoni na kuswagwa kama mbuzi huku mji wao ukiwaka moto nyuma yao.

Mtoto huyu alibadilishwa kwa farasi. Baadaye farasi hakumpendeza aliyempokea, akarudishwa, na mtoto naye akarudishwa. Kwa muda alikuwa tena karibu na mama yake, kisha akatengwa naye na kuuzwa kutoka mkono hadi mkono kuelekea pwani. Aliogopa mno kuuzwa kwa Wareno hata usiku mmoja alitaka kujinyonga kwa mshipi wake, lakini mkono ulikosa nguvu. Tunayaandika haya kwa makusudi. Yule ambaye watu walikuja kumwita baba askofu alikuwa kwanza mtoto aliyekata tamaa kabisa.

Huko Lagos alitiwa katika merikebu ya Wareno iliyobeba watu 187. Siku hiyo hiyo ya safari, tarehe 7 Aprili 1822, manowari za Kiingereza ziliikamata merikebu hiyo, kwa kuwa Uingereza ilikuwa imepiga marufuku biashara ya watumwa tangu mwaka 1807. Tarehe 17 Juni 1822 Ajayi alishushwa Freetown, katika nchi ya Sierra Leone. Alikuwa huru, lakini hakuwa na nyumbani.

MAISHA YA FREETOWN

Ndugu msomaji, tafadhali itazame Freetown ya wakati ule kwa macho ya mtu wa kambini. Maelfu ya watu waliookolewa baharini walishushwa pale, wakaandikwa majina na kugawanywa katika vijiji vilivyozunguka mji, kila kijiji na msimamizi wake. Mwanzoni serikali iliwapa chakula na nguo. Walitoka makabila mengi mno. Mtaalamu mmoja wa lugha, jina lake Koelle, alikusanya pale maneno ya lugha zaidi ya 100 na kuyachapisha mwaka 1854. Huku kwetu Afrika ya Mashariki makao ya namna hiyo yalianzishwa baadaye huko Freretown, Mombasa, kwa ajili ya watumwa waliokombolewa katika Bahari ya Hindi.

Ajayi alipelekwa katika kijiji kilichoitwa Bathurst. Inasimuliwa kwamba aliomba nusu peni kwa watu wa kwao akanunua karatasi ya alfabeti iwe mali yake mwenyewe. Kwa muda wa miezi sita hivi aliweza kusoma Agano Jipya. Pamoja na kusoma alifundishwa useremala, na kazi ya mikono hakuidharau maisha yake yote. Alibatizwa tarehe 11 Desemba 1825 akapewa jina la Samuel Crowther, ambalo lilikuwa jina la kasisi mmoja wa London. Hata hivyo jina la Ajayi hakulitupa.

Mwaka 1827 alikuwa mwanafunzi wa kwanza kuandikishwa katika chuo cha Fourah Bay, chuo ambacho kilikuja kutoa walimu, makasisi, mawakili na madaktari wa Afrika ya Magharibi. Alimwoa Asano, aliyebatizwa Susan, msichana ambaye naye alikuwa ameokolewa utumwani kama yeye. Kwa miaka mingi alikuwa mwalimu wa shule tu, mtu wa chaki na ubao. Hakuna aliyemjua nje ya Sierra Leone.

KAZI ILIYOMTAMBULISHA

Mwaka 1841 serikali ya Uingereza ilituma meli tatu za mvuke kupanda Mto Niger. Crowther alichukuliwa kama mkalimani na msaidizi wa mmisionari Schön. Safari ile ilikuwa ya msiba. Kati ya Wazungu 145, wapatao 40 walikufa, wengi wao kwa homa. Waliorudi walikuwa na hakika ya jambo moja: kama Injili na elimu vitafika bara, vitapelekwa na Waafrika wenyewe. Jina la Crowther lilitajwa sana, kwa kuwa alikuwa amefanya kazi yake kimya kimya katikati ya wagonjwa na maiti.

Chama cha wamisionari cha CMS kilimpeleka London, na mwaka 1843 akawekwa wakfu kuwa shemasi, kisha kasisi. Mwaka huo huo kilitolewa kitabu chake cha maneno na sarufi ya Kiyoruba. Kazi ya lugha aliifanya kwa uvumilivu wa ajabu. Hakukaa chumbani akabuni maneno. Aliwafuata wazee, akawasikiliza Waislamu na makuhani wa dini za jadi, akakusanya methali, akauliza neno hili linatumiwaje sokoni na linatumiwaje msibani. Biblia nzima ya Kiyoruba ilikamilika mwaka 1884, yeye na wenzake wakiwa wameifanyia kazi kwa miaka zaidi ya 35. Aliandika pia kitabu cha kuanzia kusoma Kiigbo, na akafanya kazi katika lugha ya Kinupe.

SIKU YA KUMWONA MAMA

Tangu mwaka 1839 watu wengi wa Freetown walikuwa wameanza kurejea nchi ya Wayoruba kwa hiari yao. Crowther naye alirudi mwaka 1845, na mwaka 1846 akafika katika mji wa Abeokuta. Jina la mji huo maana yake ni chini ya mwamba. Ulianzishwa karibu na mwaka 1830 na watu waliokimbia vita vile vile vilivyoiteketeza Osogun. Walijificha chini ya jabali kubwa, wakajenga, wakalima, na maficho yakawa mji.

Tarehe 21 Agosti 1846 mwanamke mzee aliletwa mbele yake. Alikuwa Afala, mama yake. Miaka 25 ilikuwa imepita. Walishikana, wakatazamana, wakashindwa kusema neno. Dada zake nao walikuwa hai. Mwaka 1848 Afala alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kubatizwa Abeokuta, naye aliishi hadi mwaka 1883. Kwa wale wetu wanaoendelea kuandikisha majina ya ndugu waliopotea, habari hii si ahadi kwamba kila mmoja atampata wake. Lakini ni ukweli uliotokea, nasi tunauweka hapa kwa ajili yao.

ASKOFU

Mwaka 1854 Crowther alipanda tena Mto Niger, safari hii na daktari Baikie, ambaye aliwapa watu wake dawa ya kwinini kila siku. Hakuna hata mmoja aliyekufa kwa homa. Mwaka 1857 walianzisha kazi Onitsha, na kiongozi wake alikuwa kasisi John Christopher Taylor, mzaliwa wa Sierra Leone ambaye wazazi wake walikuwa Waigbo waliookolewa utumwani. Mwaka huo huo meli yao ilivunjika kwenye miamba karibu na Jebba, wakabaki porini kwa miezi mingi. Crowther alitumia muda huo kujifunza lugha ya watu wa pale na kuzungumza na watawala wao.

Tarehe 29 Juni 1864, katika kanisa kuu la Canterbury, aliwekwa wakfu kuwa askofu. Yeye mwenyewe hakuutafuta uaskofu. Alikuwa ameukataa, na katibu wa CMS, Henry Venn, ndiye aliyemsihi hadi akakubali. Lakini tazameni aliyokabidhiwa. Baadhi ya wamisionari wa Kizungu waliokuwa katika nchi yake mwenyewe hawakutaka kuwa chini ya Mwafrika, hivyo makanisa ya Abeokuta na Lagos hayakuwekwa mikononi mwake. Alipewa Mto Niger na nchi za mbali ambako kazi ilikuwa ngumu kuliko zote. Aliishi Lagos akiwa askofu asiye na mamlaka juu ya kanisa la mtaa aliokaa. Hakufanya fitina. Alichukua alichopewa akaanza kazi.

Kule Niger alifungua shule kwanza, kwa kuwa alijua karatasi ya alfabeti ilimfanyia nini. Alihimiza kilimo cha pamba na kazi za mikono, ili watu wawe na biashara nyingine badala ya kuuza binadamu wenzao. Alipokutana na Waislamu hakuwatukana wala kushindana nao kwa kelele. Aliwasikiliza na kuwajibu kwa adabu. Katika mji wa Bonny kenge walikuwa viumbe vitakatifu, wakizurura nyumbani kwa watu bila mtu kuwagusa. Mfalme wa Bonny aliiacha desturi hiyo mwaka 1867 kwa hiari yake, bila ya askofu kupiga mtu fimbo. Mwaka huo huo wa 1867 mtawala mmoja wa karibu na Idah alimkamata Crowther na mwanawe, akadai fidia kubwa. Waliokolewa, lakini balozi mdogo wa Kiingereza aliyekuja kuwaokoa alichomwa mshale wa sumu akafa. Kwa mara ya pili katika maisha yake Ajayi alikuwa mateka.

UDHAIFU WAKE, NA JARIBU LA MWISHO

Si heshima kumsimulia marehemu kana kwamba hakuwa na kasoro. Jimbo la Crowther lilikuwa kubwa mno. Kwa miaka mingi hakuwa na meli yake. Alitegemea meli za wafanyabiashara, ambazo zilipanda mto maji yakijaa tu. Hivyo vituo vingine alivifikia mara moja kwa mwaka. Watumishi wake wengi walikuwa watu wema waliofanya kazi kwa mshahara mdogo, mbali na kwao. Lakini wengine waliingia katika biashara, ulevi na makosa mengine, mengine mazito sana. Crowther aliwafukuza baadhi yao. Wengine aliwavumilia kupita kiasi, kwa kuwa alikuwa na huruma, na kwa kuwa hakuweza kuona kwa macho yake yaliyotendeka katika miezi aliyokuwa mbali.

Venn alikuwa amekufa mwaka 1873, na waliomfuata hawakuwa na imani ile ile katika uongozi wa Waafrika. Mwishoni mwa miaka ya 1880 walitumwa wamisionari vijana kutoka Uingereza, ambao umri wao haukufika nusu ya umri wa askofu. Walikuwa na bidii ya dini, lakini hawakuwa na subira, nao waliwatazama watumishi wa Kiafrika kwa jicho la kuwahukumu wote kwa pamoja. Mwezi Agosti 1890, katika kikao cha kamati ya fedha huko Onitsha, watumishi wengi walisimamishwa kazi, na miongoni mwao alikuwemo Dandeson, mwana wa askofu, aliyekuwa askidikoni. Waliokuwa na makosa na wasiokuwa nayo walitiwa kapu moja. Katibu wa kamati, kijana, alidai kuwa na uwezo wa kuwasimamisha makasisi mbele ya askofu wao aliyekuwa mwenyekiti.

Mzee huyu wa miaka 80 na zaidi alisimama, akajiuzulu katika kamati ile, akatoka. Hata wale waliomwona hafai kuongoza walikubali kwamba ni mtu mnyenyekevu asiye na hila. Hakuna aliyesema kwamba alikula peni moja ya kanisa. Kwa miaka 26 fedha za misheni zilipita katika mikono yake, na mikono ile ilibaki safi.

Hakwenda kuanzisha dhehebu la hasira. Alirudi Lagos, akashirikiana na makanisa ya mlango wa Niger yaliyotaka kujitegemea kwa sadaka zao wenyewe huku yakibaki ndani ya Kanisa la Anglikana. Mpango huo ulitimia mwaka 1892 chini ya mwanawe Dandeson. Yeye hakuuona. Alifariki Lagos tarehe 31 Desemba 1891. Aliyepewa jimbo baada yake alikuwa Mzungu, na ilipita miaka zaidi ya 50 kabla ya Mwafrika mwingine wa Afrika ya Magharibi kupewa jimbo lake kamili katika kanisa hilo.

Haki ilichelewa, lakini ilifika. Mwaka 2014, miaka 150 tangu awekwe wakfu, Askofu Mkuu wa Canterbury, Justin Welby, aliomba msamaha katika kanisa kuu lile lile kwa jinsi Crowther alivyotendewa.

TUNALOJIFUNZA SISI WA KAMBI

Ndugu wasomaji, Kamati haikuandika habari hizi kwa ajili ya kusifu tu. Sisi tuliochaguliwa kuongoza mitaa, makanisa, misikiti na vikundi vya akina mama tunajua jinsi kambi inavyonong'ona. Orodha ya mgao ikikosewa, kiongozi amekula. Jina la mtu likikosekana, kiongozi amelifuta. Mara nyingine ni uongo. Mara nyingine, tuseme kweli, si uongo.

Crowther anatufundisha kwamba kuwa mwaminifu peke yako hakutoshi. Kiongozi anaweza kuwa na mikono safi, na bado watu wakaumia kwa sababu hakukagua kazi za wale aliowaweka. Kwa hiyo hesabu zisomwe mbele ya watu, orodha zibandikwe mahali pa wazi, na anayekosa aambiwe mapema, hata kama ni ndugu. Huruma isiyokagua humwumiza mnyonge, ambaye hana mtu wa kumsemea.

Kwa ndugu zetu wa mashirika tunasema kwa heshima: kikao cha Onitsha ni onyo pia. Palipo na wizi, achunguzwe mtu mmoja mmoja kwa ushahidi wake. Msiwatie wote kapu moja kwa sababu wanatoka mahali pamoja. Na kabla ya kumhukumu mzee aliyewahudumia watu wake tangu hamjafika, kaeni naye kwanza, mwulizeni alipitia nini.

Na kwa vijana wetu walio darasani chini ya turubai, wanaodhani kwamba maisha yao yamekwisha kabla hayajaanza: mtoto aliyebadilishwa kwa farasi aliomba nusu peni, akanunua alfabeti. Hakungoja arudi nyumbani ndipo aanze kusoma. Alianza pale alipokuwa, na baada ya miaka mingi watu wa kwao walisoma Biblia kwa lugha yao kutokana na kazi yake.

Mungu awabariki nyote, awarehemu waliotutangulia, na atujalie viongozi ambao yaliyowapata hayakuwafanya wakali, bali yamewafundisha kutenda haki.

Imeandaliwa na Kamati ya Jumuiya, kwa niaba ya wakazi wote.